Njoo na Chombo Chako

Miezi minne iliyopita mwanamke mmoja wa Dar es Salaam alinipigia simu. Namba alipewa na mpwa wangu. "Shikamoo mama. Nimeambiwa huko kwenu Kivinje bado kuna kina mama wanaosuka. Nataka vikapu vidogo 300 vya kutilia korosho. Wateja wangu siku hizi wanataka vifungashio rafiki wa mazingira." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza ukubwa. Akasema kila kimoja kichukue robo kilo. Nikamuuliza tena: mteja akishazila hizo korosho, kikapu atakifanyia nini? Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Hilo shauri lake, mama."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Maisha yangu ya kutafuta riziki yamepita katikati ya vifungashio, ingawa neno lenyewe nimelijulia ukubwani. Nimesuka, nimefunga, nimepima, nimehesabu magunia, nimeuza kwa nailoni na nimenyang'anywa nailoni. Simu ile ilinirudisha nyuma hatua kwa hatua, mpaka kwa bibi.

Nilizaliwa Kilwa Kivinje mwaka 1965, nikalelewa na bibi mzaa mama. Ukuta wa ndani wa nyumba yetu ulikuwa ghala la vyombo: vikapu vya sokoni, kanda mbili za mpunga, kifumbu cha kukamulia tui, kawa za kufunikia wali, na fungu la miyaa iliyokwisha kuanikwa. Bibi alisuka ukili akizungumza, akasuka akisikiliza redio ya jirani, akasuka akingojea wali ukauke. Ukili ukitosha aliushona kwa shazia, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kitako cha kikapu kikajitokeza. Kikapu cha sokoni kilikaa miaka. Kikitoboka kilishushwa cheo: kikawa cha mkaa, halafu kuku akatagia, mwisho kikawashiwa moto.

Pakacha lilikuwa na maisha mafupi zaidi. Mtu akiwa shamba alikata kuti bichi, akalisuka palepale chini ya mnazi, akatia nazi zake au maembe, akafika nalo mlangoni. Likishamwagwa lilitupwa uani, na mbuzi na mchwa wakamaliza kazi. Samaki wa ufukweni hawakufungwa kabisa. Walitungwa kwa ukuti uliopita kwenye matamvua, nawe ukaulizia mtungo mmoja shilingi ngapi. Dukani sukari ilitiwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe, mwenye duka akikunja kwa mkono mmoja na kuchota kwa mwingine. Karatasi zilitoka kwenye magazeti na madaftari ya shule. Siku moja nilinunua karanga nikakuta zimefungwa kwa jaribio la hesabu la kijana wa darasa letu, kapata mbili kwa kumi. Nilimtania hadi tulipomaliza la saba.

Na lilikuwapo jambo la bakuli. Jirani akileta mchuzi, bakuli lake halikurudi tupu. Lilirudi na maandazi mawili, ndimu, hata chumvi. Nilidhani ni adabu tu. Leo naona kwamba ile adabu ndiyo iliyokuwa ikivirudisha vyombo kwa wenyewe. Hapakuhitajika karani wa kuvihesabu.

Lakini sitaki kuisifu zamani kupita kiasi, maana naijua vizuri. Baada ya vita vya Kagera bidhaa ziliadimika nchi nzima, na kwetu kusini, mwisho wa barabara mbovu, ziliadimika zaidi. Duka la ushirika likipata sukari, foleni ilipangwa alfajiri, na si watu waliopanga foleni, ni vikapu na mawe. Wenyewe tulikaa kivulini tukichunga nafasi zetu kwa macho. Mlangoni mtu aliandika kwa chaki: NJOO NA CHOMBO CHAKO. Mwaka 1982 nilifika dirishani bila chombo, maana kikapu changu kilikuwa kimetoboka na niliona haya kukionyesha. Muuzaji hakunisikiliza. Nikavua kanga ya juu nikatandaza, akamimina kilo mbili, nikafunga fundo. Njiani mvua ikanyesha. Niliporudi, bibi aliiloweka kanga nzima kwenye sufuria ya chai ili sukari isipotee, na tulikunywa chai yenye rangi ya kanga.

Ndiyo maana mtu akinieleza kwamba wazee wetu hawakuchafua kwa sababu walikuwa na hekima, namjibu kwamba hatukuchafua pia kwa sababu hatukuwa na kitu. Kivinje ya mwaka 1982 haikuwa na takataka kwa sababu haikuwa na bidhaa.

Halafu biashara ikafunguliwa, enzi za Mzee Mwinyi. Nikaanza kwenda Dar kununua vitu vya kuja kuuza. Wasafiri wa zamani wa njia ile wanajua maana ya Ndundu: pantoni ya Rufiji, na masika mnalala ukingoni siku mbili, tatu, mkila mihogo ya kuchoma na kuumwa na mbu. Kutoka Kariakoo nilikuwa nikirudi na vitenge, betri, sabuni, na mifuko ya plastiki tuliyoiita rambo, iliyokuwa bidhaa kamili yenye bei yake. Mfuko wa kwanza niliompelekea bibi ulikuwa na picha ya sigara. Ndiyo hiyo tuliyoiita malboro. Aliupokea kwa mikono miwili. Akaufua, akauanika kwenye kamba pamoja na nguo, akaukunja akauweka chini ya godoro na kanga zake za Idi. Alienda nao harusini. Ulikaa nyumbani kwetu zaidi ya miaka miwili.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mfuko wa namna ile, wenye masikio mawili, ulipatiwa hataza mwaka 1965 kwa kampuni ya Celloplast ya Uswidi, na mbunifu wake aliitwa Sten Gustaf Thulin. Umri wetu ni mmoja, mimi na mfuko. Mwanawe amesimulia kwamba mzee huyo alitembea na mfuko wake umekunjwa mfukoni, na kwamba wazo la kuutumia mara moja na kuutupa angeliona kioja. Bibi yangu, ambaye hakuvuka Rufiji hata mara moja, angeelewana naye.

Mfuko haukuharibika tabia kwa sababu ni plastiki. Uliharibika siku ulipokuwa bure. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nauza dagaa, na mteja wa nusu kilo alitaka mfuko juu ya bei ileile, akauweka ndani ya mwingine ili harufu isitoke. Sikumkatalia, maana jirani yangu alikuwa anatoa. Ndivyo tulivyofika pale wote, muuzaji mmoja akimwogopa mwenzake. Bibi alikuwa ameshafariki. Chini ya godoro lake tulikuta mifuko saba, safi, imekunjwa.

Mwaka 2003 daraja la Mkapa likafunguliwa Rufiji, na pantoni ya Ndundu ikabaki hadithi. Nikahamishia biashara Nangurukuru, pale njia ya Masoko na Kivinje inapoachana na ile ya Lindi. Kipande cha lami cha kutoka Ndundu hadi Somanga kilichukua miaka kukamilika, lakini mabasi hayakungoja. Tuliyazunguka na sinia kichwani: samaki wa kukaanga, mayai, korosho, maji baridi ya vifuko. Abiria alinunua, basi likaondoka, na kabla halijafika mita mia dirisha lilishatema nailoni. Upande wa pili wa barabara miti ilikuwa imevaa mifuko kama bendera. Mwaka mmoja tulichinja mbuzi wa Idi. Shemeji yangu alipopasua tumbo alitoa donge la nailoni lililojikaza ngumu kama mpira wa makaratasi, kubwa kuliko ngumi. Watoto walicheka. Mimi nilitambua mstari mwekundu wa mfuko niliokuwa nikifungia korosho zangu mwenyewe.

Baadaye nikapata kazi ya ukarani kwenye ghala la korosho mkoani Lindi, miaka ile mfumo wa stakabadhi ghalani ulipokuwa bado mgeni. Huko nilijifunza somo ambalo ingefaa wapenda mifuko ya kisasa walijue. Korosho ghafi haihifadhiwi kwenye kiroba cha salfeti. Korosho inapumua, ukiizuia, inatoa jasho, inaota ukungu, inashuka daraja, na mkulima analipwa ya daraja la pili. Inataka gunia la juti, la kilo 80, lenye matundu. Nilikuwa nikichoma bambo kwenye gunia, natoa sampuli, napeleka kupimwa unyevu. Katika magunia mazuri bambo lilitoka na korosho zinazogongana kama kokoto. Mkulima aliyekosa magunia akaleta mzigo kwenye viroba vya mbolea, bambo lilituambia kabla yeye hajasema.

Na alikosa magunia kwa nini? Kwa sababu juti inatoka Bangladesh na India, na meli ikichelewa, msimu mzima unangoja. Nimewaona wazee wakilala nje ya ghala siku nne wakisubiri magunia, mzigo wao umemwagwa kwenye jamvi. Msimu mmoja chama kimoja, sitakitaja, kiligawa magunia nusu ya mahitaji na kilichobaki tukaambiwa "tuwe wabunifu". Wakati huohuo, kaskazini ya mji wa Lindi, kuna Kikwetu, shamba la mkonge. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ikiwa hai baada ya safari ya kutoka Florida. Mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani, na hapakuwa na nchi iliyotupita duniani. Kisha zikaja kamba za polipropilini, yaani plastiki, za kufungia nyasi za mifugo huko Ulaya na Marekani. Bei ikaanguka, mashamba yakaota magugu, na kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa kwenye kama tani 20,000. Moshi kulikuwa na kiwanda cha magunia. Tuna mmea, tuna historia, tuna wakulima wanaolala nje wakisubiri gunia, na gunia linatoka ng'ambo ya bahari. Mimi si mchumi, lakini nilivyokaa nyuma ya ile mizani nikiangalia wazee wale wakijifunika mashuka, niliona kwamba plastiki ilitupiga kwenye mkonge miaka mingi kabla haijaanza kutupiga ufukweni.

Tarehe 9 Aprili 2019, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa hapahapa Lindi, alitangaza bungeni kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ni Mei 31. Kuanzia Juni 1, kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia ni kosa. Wenzetu wa Kenya walikuwa wametangulia Agosti 2017, Rwanda tangu 2008. Na sisi wenyewe mwaka 2006 tulishawahi kutangaziwa marufuku ya mifuko myembamba, tukaipita kama tunavyopita kibao cha mwendo kasi. Safari hii haikuwa mzaha. Faini ya kukutwa na mfuko ilianzia shilingi 30,000, na hiyo kwa muuza dagaa ni mtaji wote.

Mimi wakati huo nilikuwa na kiduka Kivinje, na chini ya meza nilikuwa na marobota mawili. Sikuyapeleka kwenye kituo cha kukusanyia. Nilijidanganya kwamba huko mbele watalegeza. Wiki ya pili ya Juni wakaja vijana wawili na mgambo, wakayachukua, wakanionya bila kuniandikia faini kwa sababu mmoja wao nilishawahi kumuuzia maandazi akiwa shule ya msingi. Nilitahayari zaidi ya kama ningelipa.

Nakiri: marufuku ile ilifanya kazi. Miti ya Nangurukuru ilivua bendera zake. Ndani ya mwaka mmoja tu mtu aliyepita njia ile aliona tofauti kwa macho, na sikumbuki tangazo jingine la serikali lililoonekana kwa macho haraka namna hiyo.

Ila kulikuwa na mlango wa nyuma. Sheria ilikataza vibebeo ikaviacha vifungashio, yaani plastiki ya kuhifadhia bidhaa, na sisi wenye viduka tuliuona mlango huo kabla ya jua kuzama. Mafuta ya kupima, ya mia tano, unayafunga kwenye nini? Kile kifuko cheupe kinachopitisha mwanga. Sukari ya robo, unga wa nusu, ubuyu, barafu, karanga za mia, vilevile. Baada ya muda watu wakaanza kubebea nyanya, halafu samaki, mpaka mwaka 2021 serikali ikatoka tena kukataza vifungashio kugeuzwa vibebeo. Nimesikia wakubwa wakitulaumu kwamba hatuelimiki. Wanasahau kwamba kifuko cheupe ni kipimo cha umaskini. Mwenye hela ananunua dumu la lita tano, analitumia mwezi, kisha dumu linateka maji miaka kumi. Asiye na hela ananunua mafuta mara thelathini kwa mwezi, na kila mara anarudi na kifuko. Niliwahi kuandika kwa chaki mlangoni, kama lile duka la ushirika: atakayekuja na chupa yake nampunguzia shilingi hamsini. Watoto ndio walioanza. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa na chupa kumi na tano zinazotambulika, kila moja na kizibo chake, na nilijua kwa chupa tu ni mtoto wa nani.

Kuhusu ule "mfuko mbadala", wa rangi, laini kama kitambaa, tunaouita rafiki: umetengenezwa kwa polipropilini. Ni ndugu wa kamba ileile iliyoua mkonge. Ukiwa mzito, wa gramu 70 kwa mita ya mraba kama inavyotakiwa, unaweza kwenda nao sokoni mwaka mzima, na hapo sina ugomvi nao. Ukiwa mwembamba wa kuchanika njiani, umebadilishiwa jina tu.

Mwaka jana nilimpeleka mjukuu wangu Kilwa Kisiwani. Kutoka Masoko ni mashua tu, unashuka karibu na ngome ya Gereza. Alitaka kuuona Msikiti Mkuu, maana mwalimu amewafundisha kwamba Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kwamba UNESCO iliyaorodhesha magofu mwaka 1981. Mimi nilikuwa naangalia chini. Ukitembea pale baada ya maji kupwa unakanyaga vigae: vya mitungi ya wenyeji, vya rangi ya kijani kutoka Ghuba ya Uajemi, vyeupe kutoka China. Na katikati yake vizibo vya chupa, kandambili, vipande vya nyavu. Mtoto akauliza kwa nini vile vigae ni historia na kizibo ni uchafu, wakati vyote vilikuja na meli na vyote haviozi. Nilicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Nilimwambia mtungi mmoja ulileta mafuta au tende, kisha ukahifadhi maji, kisha nafaka, ukarithiwa, na ulipovunjika alikuwapo mtu aliyeulilia. Kizibo hakikuliliwa na yeyote. Alipokea jibu, sijui kama liliishia hapo. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliokota plastiki za fukwe na kandambili 30,000 wakaunda jahazi zima, Flipflopi, likasafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Niliwapenda kwa hilo. Nilipomwonyesha mjukuu picha yake kwenye simu, aliuliza kama wanaweza kuja Kisiwani.

Basi nikarudi kwa yule mwanamke wa Dar. Nilikwenda kwa kina mama wanne wanaosuka. Tukapiga hesabu: miyaa inafuatwa mbali siku hizi, inaanikwa, inatiwa rangi, kikapu cha robo kilo, mtu hodari anamaliza viwili kwa siku. Walitaka 3,500 kwa kimoja. Yeye alikuwa na 1,200. Halafu akanieleza kwamba ndani ya kikapu kutakuwa na kifuko cha plastiki kilichozibwa kwa moto. Sikumbishia hilo. Korosho iliyokaangwa, katika unyevu wa pwani, ikiachwa wazi siku mbili inalegea, na hakuna miyaa inayozuia hewa. Nilichomwambia ni kwamba anataka kumlipa mama mtu ujira wa nusu siku atengeneze pambo la kutupwa. Kama ni hivyo, auze kwenye karatasi.

Nikampa wazo langu. Achukue vikapu vya kilo moja, vyenye mfuniko, vichache, kwa bei ya wasukaji. Avipandishie bei kwa mteja wa mara ya kwanza. Mteja akikirudisha, ajaziwe korosho kutoka kwenye debe kubwa, apunguziwe elfu mbili. Alisema wateja wake si watu wa kubeba vikapu. Nikamwambia mama zao walikuwa wanabeba. Akaaga kwa heshima, nami nikajua nimepoteza oda ya 300.

Baada ya wiki tatu alipiga tena, akachukua kumi na viwili, kwa bei ya wasukaji. Juzi kanitumia ujumbe: vitatu vimerudi. Kimoja kilikuwa kimeshonwa upya mshikio, kwa uzi wa bluu. Vyote vitatu amevijaza.